Godoro nene, gumu, zito: lipi hasa linadumu?

Ukipita maduka ya magodoro Tabora mjini, maelezo ni yale yale: chukua inchi 10, hili gumu, halibonyei. Wengi hulipa kwa maneno hayo, na baada ya muda mfupi godoro linaingia bonde katikati.

Dhana: Nene ndilo linalodumu.
Unene ni kimo tu. Kinachoamua maisha ya godoro la sponji ni densiti, yaani kilo za sponji katika kila mita moja ya ujazo. Sponji ya densiti 16 ina malighafi kidogo; kuta za vitundu vyake huchoka na kuvunjika pale mwili unapolalia kila usiku. Kwa watu wazima wawili tafuta 25 au zaidi. Inchi 6 za densiti 25 zitaishi kuliko inchi 10 za densiti 16.

Lebo haina namba? Pima mwenyewe. Zidisha upana kwa urefu (futi), zidisha kwa unene (inchi), gawanya kwa 12, kisha gawanya kwa 35.3. Hizo ni mita za ujazo. Godoro la 5 kwa 6, inchi 8, linapata 0.57 hivi. Kwa densiti 16, sponji yake ina kilo 9. Kwa densiti 25, kilo 14. Omba mizani kwa wauza nafaka, upime, kisha utoe kilo moja au mbili za kitambaa. Kilo zinazobaki zigawanye kwa mita za ujazo, upate densiti. Unene nao upime kwa futi kamba, kwani inchi 8 za mdomoni huweza kuwa 7.

Dhana: Basi zito ndilo bora.
Si kila mara. Sponji huweza kutiwa unga wa chokaa ili iongezeke kilo bila kuongezeka nguvu. Fungua zipu, finya kipande cha pembeni na ukisugue. Kikitoa vumbi au kumeguka, liache.

Dhana: Gumu halibonyei.
Ugumu hutokana na namna kemikali zilivyochanganywa, na sponji nyepesi huweza kufanywa ngumu. Kubonyeza kwa kiganja hakusaidii pia, maana sponji yoyote mpya hurudi. Piga goti mahali pamoja dakika mbili. Ukihisi ubao chini, halikufai kwa uzito wako, lakini jaribio hili halikuambii litadumu miaka mingapi.

Dhana: Rangi ya sponji huonyesha daraja.
Ni rangi tu. Kiwanda huweza kuitumia kutofautisha bidhaa zake, ila hakuna kanuni inayovifunga viwanda vyote.

Dhana: Likibonyea mapema, ni kosa la kiwanda.
Mara nyingine ni kitanda. Chaga zikiachana zaidi ya inchi 3, sponji huzama kwenye nafasi hizo. Ziongeze kabla ya kuleta godoro jipya, na lizungushe kichwani kuwa miguuni kila mwezi. Nailoni ya dukani itoe siku hiyo hiyo, kwani hufungia jasho ndani na masika godoro huota ukungu.