Je, wajua kwa nini tuta la bwawa huanza kuliwa upande usio na maji?

Mgeni akifika kwenye bwawa dogo la burudani, lile la kuvulia ngege na kukodisha mitumbwi wikendi nje kidogo ya Kampala, hutazama maji. Fundi wa mabwawa huyapa maji mgongo. Hushuka upande mkavu hadi kwenye kitako cha tuta na kutafuta mahali ambapo nyasi zimekuwa kijani kuliko kwingine hata wakati wa kiangazi, kwa sababu hapo ndipo maji yanapotokea.

Kila tuta la udongo huvuja kidogo, hata lililojengwa vizuri. Bwawa likiwa na kina cha mita 4, kila mita ya mraba ya sakafu yake hubeba tani 4 za maji, na mgandamizo huo husukuma maji polepole katikati ya chembe za udongo mpaka yatokee upande wa pili. Ndani ya tuta chembe zimebanana, hazina pa kwenda. Kule nje hakuna kinachozizuia. Maji yakitoka kwa nguvu huanza kuzibeba zile laini, na kishimo kikafunguka. Kishimo kikiingia ndani, njia ya maji hufupika. Njia ikifupika, maji huongeza kasi na kubeba udongo zaidi. Basi tundu hutambaa kinyumenyume kuelekea bwawani. Siku likifika, tuta huhesabiwa saa, si siku. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilikuwa na tuta la udongo la mita 93. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 watu waliona maji ya tope yakichuruzika, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limevunjika.

Kwa hiyo rangi ya maji ni muhimu kuliko wingi wake. Kinga maji hayo kwenye chupa safi isiyo na rangi, uyaache yatulie saa moja. Yakibaki meupe bila masimbi chini, endelea kuangalia tu. Yakiacha tope, udongo wa tuta unaondoka. Pima pia muda wa kujaza ndoo ya lita 10, uandike pamoja na kimo cha maji bwawani siku hiyo, tena baada ya siku mbili bila mvua ili usipime maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi. Kimo kikiwa kilekile lakini ndoo inajaa haraka kuliko mwezi uliopita, usingoje mwezi ujao.

Tundu kwa kawaida hufuata njia iliyokwisha kutengenezwa. Ya kwanza ni kando ya bomba la kutolea maji, kwa kuwa udongo ulio chini ya tumbo la bomba ni mgumu kushindilia. Ya pili ni mizizi. Wenye mabwawa wengi hupenda kivuli cha mikaratusi juu ya tuta, na kwa maoni yetu hakuna kivuli cha gharama kubwa kama hicho: mti ukikatwa, mizizi huoza na kuacha mifereji. Usiung'oe bwawa likiwa limejaa. Teremsha maji kwanza, toa kisiki na mizizi minene, kisha jaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka la sentimita 15 kwa kila awamu, ukishindilia kila tabaka. Panda nyasi fupi badala yake. Ya tatu ni wanyama: fuko, kenge, na zaidi ya wote mchwa. Kumbikumbi wakiruka kutoka kwenye tuta baada ya mvua, watoto hushangilia kitoweo, lakini mwenye bwawa ajue kwamba chini yao kuna vyumba na njia.

Hatari nyingine ni maji kupita juu ya tuta. Udongo haustahimili maji yanayoporomoka mgongoni mwake. Acha angalau mita 1 kati ya kimo cha kawaida cha maji na mgongo wa tuta, na fukia mabonde yanayochimbwa na magurudumu ya bodaboda, maana maji hupitia mahali palipo chini kuliko pote. Njia ya maji ya ziada iwe wazi kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Kuweka wavu hapo ili samaki wasitoroke ni jambo la kuogofya, kwa kuwa majani na magugumaji huuziba usiku mmoja. Bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani, lilikuwa la klabu ya matajiri ya uvuvi. Waliweka nyavu za samaki kwenye njia ya maji ya ziada na kupunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameshaondolewa zamani. Mvua kubwa ilinyesha, na tarehe 31 Mei 1889 maji yakapita juu. Watu 2,209 walikufa, wengi wao katika mji wa Johnstown ulio chini ya bonde.

Ukikuta tope linatoka, waonye kwanza wanaoishi bondeni. Usizibe tundu upande wa nje kwa udongo au saruji. Maji yatatafuta pengine. Funika kwa mchanga safi, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Punguza maji kwa bomba lililojazwa maji na kupitishwa juu ya tuta, ncha ya nje ikiwa chini kuliko uso wa bwawa. Katika mwinuko wa Kampala, wa takriban mita 1,200, usitegemee bomba hilo kuvuta maji zaidi ya mita 5 kwenda juu. Tuta likiwa bado tulivu, teremsha kama sentimita 30 kwa siku, kwani ukishusha haraka, upande wa ndani wa tuta, ambao bado umelowa na mzito, huporomoka. Tope likizidi, toa maji kwa kasi yoyote uwezayo, na watu wote waondoke juu ya tuta.