Mbayuwayu hawalali chini ya maji

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hawahami majira ya baridi, bali hujificha mashimoni au chini ya maji na kulala hadi joto lirudi. Hata Gilbert White, kasisi wa Selborne, Uingereza, hakuachana kabisa na wazo hilo.

Naye hakuwa mtu wa kupokea uvumi. Alizaliwa mwaka 1720, akatumia miaka mingi kuwatazama ndege wa kijijini kwake na kuwaandikia wenzake barua, zilizokuja kuwa kitabu mwaka 1789. Kuna ndege watatu wadogo wa kijani kilichofifia, wanaofanana kama pacha. Yeye aliwatofautisha kwa kusikiliza nyimbo zao. Hilo hunistaajabisha kila nilikumbukapo.

Ndugu yake aliyekuwa Gibraltar, kusini kabisa mwa Ulaya ng'ambo ya Afrika, alimweleza kuwa mbayuwayu huvuka bahari pale. White alikubali, ila akashuku kwamba baadhi hubaki. Shaka yake inaeleweka. Majira ya joto yakiisha, jioni, mbayuwayu hushuka kwa makundi kwenye matete ya kando ya maji, mabua yakainama kwa uzito wao. Kisha asubuhi moja hawaonekani tena. Kumbe matete ni malazi tu. Wao hula wadudu wanaoruka, na baridi ikiingia wadudu hao huadimika, basi mbayuwayu huenda kusini kwenye wadudu wa kutosha.

Mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete ya utambulisho mguuni huko Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.