Mshahara Hukatwa, Kiwanja Hupumzika

Kila ninapoanza kufundisha somo la fedha za umma, huwapa wanafunzi wangu watu wawili wa kubuni. Wa kwanza ni mwajiriwa wa Nairobi ambaye mshahara wake hukatwa kodi kabla haujafika benki, kwa viwango vinavyopanda kutoka asilimia 10 hadi 35. Wa pili alinunua kiwanja pembezoni mwa jiji kwa shilingi milioni 1, akakizungushia seng'enge na kwenda zake. Baadaye serikali ikapitisha barabara ya lami hapo kwa fedha za walipa kodi, na sasa kiwanja kina thamani ya milioni 21.

Maadamu hajauza, huyu wa pili halipi kodi ya mapato kwa zile milioni 20 zilizoongezeka, ingawa anaweza kuipeleka hatimiliki benki na kukopea. Akiuza, hutozwa asilimia 15 ya faida, yaani milioni 3, ilhali mwajiriwa aliyepata milioni 20 katika mwaka mmoja angekatwa zaidi ya milioni 6. Ni kweli kwamba sehemu ya ongezeko hilo ni mfumko wa bei tu, na mwenye kiwanja ana haki ya kulitaja hilo, lakini halitoshi kuhalalisha tofauti kubwa namna hiyo.

Kenya iliwahi kutoza kodi ya mirathi, ikaifuta mwaka 1982. Kodi ya faida ya mauzo ya mali nayo ikasimamishwa mwaka 1985, isirudi hadi 2015 kwa asilimia 5, kabla ya kupandishwa hadi 15 mwaka 2023. Kwa takriban miaka 30, basi, ardhi ilipanda bei, ikauzwa na kurithishwa huku mwenye mshahara akiendelea kukatwa.

Upande wa ruzuku tunao mpango wa Inua Jamii, unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakijabadilika kwa zaidi ya miaka 10 ilhali bei zimebadilika sana. Siudharau mpango huo, kwa kuwa kwa bibi asiye na pensheni ndio unaoamua kama atanunua dawa au atakopa dukani. Hata hivyo, unga wake wa mahindi hautozwi VAT, lakini sabuni hutozwa, na katika kila shilingi 116 anazolipia sabuni, 16 hurudi Hazina. Ruzuku ya namna hii hupunguza njaa. Haimpi mtu mali, na pengo la utajiri ni pengo la mali.

Ndiyo maana naipa uzito kodi ya ardhi inayotozwa kila mwaka na kaunti kwa thamani halisi ya sasa, kwani kiwanja hakifichiki wala hakihamishiwi nchi nyingine, na mapato yake yanaweza kugharimia ruzuku iliyo kubwa zaidi. Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni la mjane mstaafu anayeishi kwenye kiwanja cha thamani kubwa bila fedha mkononi. Pingamizi hilo ni la haki, na lina dawa: deni lake liandikwe kwenye daftari la ardhi, lisimtoe nyumbani, lilipwe siku kiwanja kitakapouzwa au kuingia mikononi mwa warithi.