“Bosi, tutengenezee Makmende yetu”

Juzi wamekuja vijana wanne kutoka Kayole, gitaa moja limevikwa gunia la mahindi. Sijawasha hata spika za studio yangu, mmoja wao akaniwekea simu juu ya mixa, video ya Ha-He inacheza, ule wimbo wa bendi ya Nairobi, Just a Band, wenye shujaa wa mateke na afro aitwaye Makmende. “Bosi, tunataka kitu kama hiki. Kimoja tu. Kikisambaa, tumetoka.”

Ni kundi la tatu mwaka huu. Nimechoka kueleza kwa mdomo, acha niandike.

Dhana: Just a Band walilala hawajulikani, wakaamka mastaa kwa video moja

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mwanzo wa Just a Band ni mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Kenyatta: Bill Sellanga, yule tunayemwita Blinky, pamoja na Daniel Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka 2008. Miaka mitano hiyo, na wewe unalalamika mix ikichelewa Jumanne. Albamu ya pili, 82, ikafuata 2009, na Ha-He imo ndani yake. Video yenye Makmende ilikuja Machi 2010. Yaani wimbo ulikuwa nje tayari, na waliokuwa na albamu walikuwa wanaujua, kabla jamaa mwenye afro hajarusha teke hata moja. Huo “usiku mmoja” mnaousema ulichukua miaka saba.

Halafu angalieni walikuwa na nini mkononi. Hawa hawakwenda kumlipa mtu wa video wakasubiri miujiza. Ndani ya bendi mlikuwa na watu wa picha, wa katuni na wa filamu. Video ya Ha-He imeongozwa na Chuchu na Masya wenyewe. Msidhani ni bahati kwamba Masya baadaye alitengeneza filamu ya Kati Kati, ya 2016, iliyopata tuzo kwenye tamasha la Toronto. Kwao picha ilikuwa ufundi wa siku zote, kama wewe na hilo gitaa lako. Au kama unavyopaswa kuwa na hilo gitaa; kamba ya tatu imelegea, nimeisikia.

Jambo lingine ni wakati. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na kutazama video ya dakika nne kulihitaji moyo wa subira. Machi 2010 kijana wa Nairobi mwenye kompyuta ya ofisini aliweza kutazama, kucheka na kumtumia mwenzake. Na waliofanya kazi kubwa zaidi walikuwa mashabiki: ndio waliotunga vichekesho vya Makmende mtandaoni, kila mtu akiongeza chake, hadi magazeti ya Marekani yakauliza huyu Makmende ni nani. Hilo huwezi kuniagiza mimi nikuwekee kwenye mix. Ninachoweza kukuwekea ni besi inayosikika kwenye spika za matatu.

Mkiniuliza somo la Ha-He, nitawaambia hivi: tengenezeni albamu mbili kwanza. Najua hampendi kusikia hivyo.

Dhana: Jina Makmende walilibuni wao

Hapana, na hapa ndipo penye akili. Aliyekulia mitaa ya Nairobi alilijua jina hilo tangu utotoni. Mtoto akipanda ukuta na kutaka kuruka, anaulizwa: “Unajiona Makmende?” Inavyosimuliwa, lilitokana na msemo wa Clint Eastwood kwenye filamu ya 1983, “make my day”, masikio ya mtaa yakaupokea yalivyotaka. Bendi ililiokota neno ambalo kila mmoja wetu alikuwa nalo mfukoni, ikalivalisha nguo. Mkitaka cha kuvuma, acheni kutafuta maneno ya Atlanta, Marekani. Sikilizeni nyumbani kwenu Kayole.

Dhana: Bendi huru ni bendi isiyo na karatasi

Huru maana yake hakuna kampuni inayokushikia hesabu, kwa hiyo unaishika wewe. Kila wimbo unaofunguliwa kwangu huanza na karatasi moja: nani kaandika maneno, nani kaleta melodi, nani kapiga nini, na asilimia ngapi kwa kila mtu. Sahihi zote. Nimewahi kukaa na trak ya bendi moja nzuri kabisa kwa miaka miwili, haitoki, kwa sababu mpiga kinanda na mwimbaji walikumbuka usiku uleule kwa namna mbili.

Dhana: Ukijiunga na MCSK umelinda wimbo

MCSK (ya watunzi wa muziki) na PRISK (ya waimbaji na wapigaji) ni vyama vilivyoundwa kukusanya mirabaha. Hakimiliki unayo tangu wimbo ulipoandikwa au kurekodiwa, ndivyo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inavyosema. Kusajili kwa KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya kugombana. Sajili, ni vizuri, lakini usichanganye milango.

Dhana: Studio ya bure ni baraka

Kwa rekodi ya sauti, sheria humtazama aliyefanya mipango ya kurekodi. Ukinilipa ukaondoka na faili zako, mambo ni mepesi. Nikikuita, nikakulisha, nikagharamia kila kitu bila maandishi, kesho naweza kusema masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, ni yangu, na si rahisi kunibishia. Lipa, hata kidogo kidogo. Na hizo faili ziweke kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Simu si diski.

Wale wa Kayole niliwapa karatasi na kalamu. Walibishana dakika arobaini kuhusu nani alitunga kiitikio, wakaenda kula chapo madondo, wakarudi wakaendelea kubishana. Hatujarekodi kitu. Wamesema watakuja Alhamisi. Yule mwenye simu alibaki nyuma mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama angalau namjua mtu mwenye wigi la afro la kuazima.