Mbwa na frisbi: tazama anavyotua, siyo anavyopaa

"Mbwa anajua kutua mwenyewe." Hapa Goma, mbwa akirushiwa frisbi, kile kisahani cha kurusha na kudaka, kauli hiyo haikosi mtu wa kuitoa. Si kweli, na ndiyo inayowavunja mbwa. Akishakaza macho kwenye kisahani, mbwa hana habari na ardhi. Atakavyotua kumeshaamuliwa, kwa sehemu kubwa, na mkono uliorusha.

Kisahani kikielea juu ya kichwa chake, anapanda wima, anajipinda hewani akidake, kisha anashuka amesimama, uzito wote ukiangukia miguu miwili ya nyuma. Hapo ndipo kano za goti hukatika na pingili za mgongo hubanwa. Lakini kikirushwa mbele yake, bapa na chini, anakifuata kwa mbio, anajinyoosha, mgongo unalala sambamba na ardhi. Miguu ya mbele inagusa kwanza, ya nyuma inafuata, naye anaendelea kukimbia hatua kadhaa kabla ya kugeuka. Ndiyo maana mazoezi huanza chini kabisa: kibiringishe kisahani ardhini kwanza, akifukuze. Baadaye kirushe usawa wa mabega yake. Kuruka kuje mwisho.

"Aanze akiwa mdogo, atazoea." Kufukuza kinachobiringika, sawa. Kuruka, hapana. Ncha za mifupa ya mbwa mchanga bado ni gegedu, na kwa mbwa wa jamii kubwa huweza kuchukua hadi miezi 18 kukomaa. Wanaopenda kumtaja Ashley Whippet, mbwa aliyeruka kudaka frisbi mbele ya umati katika uwanja wa Dodger Stadium, Los Angeles, mwaka 1974, wakumbuke kwamba alikuwa na miaka 3, tena wa jamii nyembamba na nyepesi. Mbwa mzito anayelinda parseli yako, yaani kiwanja cha nyumbani, asipimwe kwa kimo cha yule.

"Popote penye nafasi panafaa." Katika mji huu, kauli hiyo ni hatari maradufu. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na sehemu nyingi bado tunaikanyaga. Ipapase kwa kiganja: inakwaruza, ina matundu, kingo zake zinakata. Nyayo huchanika, na ardhi isiyobonyea hurudisha kishindo chote kwenye viungo. Tafuta majani, uyatembelee kwanza ukiondoa mawe na chupa. Siku ya mvua acha, utelezi hupinda magoti. Na kisahani kiwe laini. Plastiki ngumu ikishatafunwa kingo zake hupasua fizi.

"Angekuwa ameumia, angelia." Mbwa wengi hawalii, wanaendelea kukimbia kwa sababu mchezo ni mtamu kuliko maumivu. Mwangalie baadaye, akipoa. Akikaa huku mguu mmoja wa nyuma ameutupa pembeni, akichechemea anapoamka, au akisita kupanda ngazi alizozizoea, weka frisbi kabatini na umpeleke kwa daktari wa mifugo.