Shaka lenye msingi: kipimo cha polisi kumsimamisha dereva nchini Marekani

Nchini Marekani, askari anayewasha kimulimuli nyuma ya gari na kumlazimisha dereva aegeshe pembeni huhesabiwa kisheria kuwa amemshikilia mtu huyo, hata kama wataachana baada ya dakika 5. Kwa kuwa Marekebisho ya Nne ya Katiba yanakataza watu kushikiliwa au kupekuliwa isivyo halali, askari hutakiwa angalau awe na shaka lenye msingi.

Maana yake ni kwamba askari aweze kutaja mambo mahususi aliyoyaona au kuyajua, ambayo mtu mwenye busara akiyaunganisha angeshuku kuwa kuna sheria inayovunjwa. Dhana hii ilitokana na kesi ya Terry dhidi ya Ohio ya mwaka 1968, iliyohusu watembea kwa miguu, kisha ikapanda gari. Ni kipimo chepesi kuliko sababu ya kutosha, ambayo huhitajika ili kumtia mtu mbaroni au, kwa kawaida, kupekua gari bila hati ya mahakama.

Kinachopungua pale shaka linapokosa msingi kinaonekana vizuri katika kesi ya Delaware dhidi ya Prouse. Askari alieleza kwamba aliliona gari, hakuwa na kazi nyingine wakati huo, basi akaamua kulisimamisha. Alipolikaribia alinusa bangi, na bangi ilikuwamo kweli. Lakini mwaka 1979 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumsimamisha dereva mmoja mmoja kwa kubahatisha, ili tu kukagua leseni na usajili, ni kinyume cha Katiba. Kilichopatikana baadaye hakiwezi kurudi nyuma na kuhalalisha mwanzo. Vizuizi vya kukagua ulevi, ambavyo husimamisha magari kwa utaratibu mmoja kwa wote, vina kanuni zake na viliruhusiwa mwaka 1990.

Hata hivyo, msingi wenyewe si lazima uwe mzito. Katika kesi ya Kansas dhidi ya Glover ya mwaka 2020, ilitosha askari kujua kwamba mwenye gari amefutiwa leseni, ingawa hakuwa amemwona anayeendesha. Lakini kama mwenye gari ni mwanamume wa miaka 60 na kitu na usukani umeshikwa na msichana, shaka hilo huyeyuka. Mwaka 2014, katika kesi ya Heien, askari alidhani taa moja ya breki isiyowaka ni kosa, kumbe sheria ya North Carolina ilidai taa moja tu, na bado akasamehewa kwa kuwa kosa lake lilieleweka. Dereva hapati huruma ya namna hiyo kirahisi. Tena, tangu kesi ya Whren ya mwaka 1996, kosa dogo la barabarani likithibitika, mahakama haichunguzi kama askari alikuwa na nia nyingine moyoni, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloidhoofisha kinga hii kuliko yote.

Shaka hilo pia lina muda wake. Katika kesi ya Rodriguez ya mwaka 2015, askari alikwisha kumpa dereva onyo la maandishi, kisha akamzuia dakika 7 au 8 zaidi ili mbwa anuse gari. Mahakama ilisema shughuli ya kosa la barabarani ikiisha, kila dakika inayoongezwa inahitaji shaka jipya lenye msingi wake.