Je, Kuosha Injini Kunaua Sensa?

"Usikubali waoshe injini ya gari lako! Tone moja la maji linaua sensa zote." Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi.

Si kweli. Sensa za injini (vifaa vidogo vinavyopima hali yake, kama joto na hewa) zimezibwa zisiingie maji, na soketi zake nyingi, yaani viunganishi vya nyaya, zina mpira wa kuzuia unyevu. La sivyo magari yangezimika barabarani masika yote. Kinacholeta balaa ni mashine ya presha ikielekezwa karibu kabisa na soketi, hasa kwenye gari la zamani ambalo mipira imekauka au klipu zimevunjika. Maji yakituama kwenye matundu ya plagi, umeme unavuja, injini inamisi (silinda inakosa kuwaka vizuri), taa ya injini inawaka.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Inanunuliwa sensa mpya, kumbe ile fungua-funga imeshakausha soketi. Gari linapona, na sensa mpya inapewa sifa isiyo yake. (Ya zamani, nzima kabisa, huishia jalalani.)

Kabla ya kutoa hela, gari lisomwe kodi (namba za makosa zilizo kwenye kompyuta yake) kwa mashine. P0301, kwa mfano, inasema silinda namba 1 inamisi. Haisemi sensa imekufa. Zima injini, chomoa soketi, tazama kama kuna maji au kutu ya kijani, kausha, upime tena. Kosa likirudi soketi ikiwa kavu, ndipo sensa ichunguzwe.

Ukiosha, acha injini ipoe, funika alteneta (kifaa kinachochaji betri) na mdomo wa kuvutia hewa, tumia maji ya presha ndogo. Na ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.